Eda ya Malkia

Mwalimu alitaka tuanze na mzimu, sisi tukaanza na eda. Ilikuwa kidato cha tano, shule ya wasichana ya bweni pale Lindi mjini, somo la Fasihi ya Kiingereza, na mwalimu aliandika baadaye kwenye daftari langu kwamba tulikuwa tumetoka nje ya mada. Mpaka leo sioni kama tulitoka. Sisi ndio tulioingia ndani kuliko yeye, na mimi nikaingia mpaka nikapotea.

Tulikuwa wasichana thelathini na kitu na kitabu kimoja. Kitabu chenyewe kilikuwa tamthilia ya kale ya Kiingereza, ya kisasi, ambayo Waingereza wameisoma karne kwa karne na bado wanabishana juu yake. Mwalimu alikuwa kijana wa bara, mwaka wake wa kwanza wa kazi, mpole, anatembea na chaki mfukoni. Alitutolea fotokopi ya sehemu ya kwanza tu, kurasa zimebanwa kwa pini, nyingine wino umekolea upande mmoja mpaka maneno yamezama. "Sehemu zinazofuata zitakuja," alisema. Hazikuja muhula ule. Kwa hiyo muhula mzima tuliishi na sehemu ya kwanza: mfalme kafa, mdogo wake kashika ufalme na kumwoa mjane. Mtoto wa mfalme karudi kutoka masomoni, kavaa nyeusi, kanuna. Kisha mzimu wa marehemu unamtokea na kumwambia kwamba hakufa kifo cha Mungu, kauawa na ndugu yake aliyemmiminia sumu sikioni akiwa usingizini, basi mtoto alipize. Mtoto anaapa, na fotokopi inaishia hapo.

"Kwa nini huyu kijana ana hasira?" mwalimu aliuliza siku ya kwanza.

Alitarajia tuseme sababu ni ufalme. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akasimama akauliza, "Mwalimu, yule mama kaolewa baada ya muda gani?"

"Haijatimia miezi miwili tangu mazishi."

Darasa likalipuka. Miezi miwili! Mwalimu hakuelewa tunashangaa nini, maana kwao hawakai eda, basi tukamweleza wote kwa pamoja, Kiingereza tumekitupa mbali. Mjane anakaa miezi minne na siku kumi. Hatoki nyumbani ila kwa dharura. Hajipaki wanja wala hina, hajitii manukato, hakai na mwanamume anayeweza kumwoa, na shemeji ni mmoja wao. Haposwi. Ndoa ikifungwa ndani ya eda ni batili, haipo, kwa hiyo yule mfalme mpya si mume wa mtu, wanaishi tu, na aliyewafungisha ndoa naye ana kesi ya kujibu. Mmoja akasema hata mimi ningekuwa marehemu nisingelala. Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia dirishani.

Niliyekaa naye dawati moja alikuwa msichana wa Nyangamara, mtoto wa wakulima wa korosho, mtu wa maneno machache. Yeye hakucheka. Alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, wafu hawarudi. Huyo si baba yake. Huyo ni shetani kavaa sura ya baba yake. Kabla hajaapa angekwenda kwanza kwa mama yake akamuuliza."

Nilimgeukia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Amuulize nini? Baba yake mwenyewe kamwambia! Anataka ushahidi gani tena?"

Wasichana wote wakageuka kuniangalia. Walikuwa wanajua. Baba yangu alikuwa ana wiki saba kaburini, na mama yangu alikuwa ndani ya eda, nyumbani kwetu Kilwa Masoko.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alikaa kwenye baraza ya duka la vitambaa la Wahindi, mbele ya cherehani yake ya miguu, akishona kanzu, sare za shule na suruali za wafanyakazi wa serikali. Aliugua siku nne tu. Nilikuwa mtoto wake wa pekee, na aliponipeleka shule ya Lindi alijishonea koti la kijivu ili, kama alivyosema, walimu wasidhani nimetoka kwa watu ovyo. Alilivaa siku ile moja, na baadaye Ijumaa na sikukuu. Sijawahi kumwona mtu anayependeza vile katika koti, na sisemi hivyo kwa kuwa ni baba yangu.

Mwalimu alitupa insha: je, malkia ana hatia? Niliandika kurasa sita. Nilimshika yule mama kila mahali pa kushikwa. Machozi yake ya mazishi niliyaita ya kukodi. Nilisema mwanamke asiyeweza kungoja miezi minne hakumpenda mume hata siku moja. Nilisema kunyamaza kwake mbele ya watu ni dalili ya mtu anayejua alichofanya. Mwalimu alinipa alama za juu kuliko wote na akaisoma insha yangu mbele ya darasa, akisimama kila baada ya sentensi mbili kuwaambia wenzangu, "Mnaona? Hii ndiyo hoja." Swali jingine lilitaka tutaje maagizo ya mzimu kwa mtoto. Niliyataja yote mawili: alipize kisasi, na mama yake asimguse, amwachie Mungu. Nikapewa vema mbili. Lile agizo la pili nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kalamu ya bluu, na halikuniingia popote.

Nasema haya kwa sababu watu hupenda kunitetea. Husema ulikuwa mtoto, ulikuwa na msiba. Nilikuwa na miaka kumi na minane na akili zangu timamu. Nilijua kusoma.

Likizo fupi ilipofika nikaenda nyumbani. Nilishuka stendi ya Masoko mchana, jua kali, begi kichwani, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa baba. Alikuwa amenipa mgongo, anaongea na muuza maji ya madafu. Koti la kijivu. Mabega yale. Hata ile namna ya kuweka mkono mmoja nyuma ya kiuno. Nikashusha begi chini. Kisha akageuka, na alikuwa baba mdogo.

"Mwanangu! Umekuja?"

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mbona umepauka hivyo? Shule hawawalishi?"

Najua desturi. Nguo za marehemu hugawiwa ndugu baada ya arobaini, na koti lile lilimwangukia yeye kihalali, hakuliiba. Lakini nilimchukia pale pale, stendi, mbele ya madafu. Nilimchukia kwa kuwa lilimkaa vizuri. Aliongeza jambo moja akinisaidia begi, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa: kwamba nifikirie, maana kidato cha tano kimetosha kwa mtoto wa kike asiye na baba, ni afadhali nikae nyumbani na mama yangu. Nilimkumbuka yule mfalme mpya wa fotokopi, naye alimkataza kijana kurudi masomoni, akimwita mwanangu, mwanangu. Ilikuwa kama nimekishika kitabu mkononi na watu wanatoka kurasani wanakuja kunisalimia.

Kabla sijafika kwetu, shangazi alinivuta ndani kwake. Shangazi ni dada yao, anakaa nyumba ya tatu kutoka yetu, na nyumba yake ina kiti kimoja kizuri ambacho hakikaliwi na mtoto. Siku ile nilikalishwa hicho. Akaniletea chai na mkate wa kumimina, akalia kidogo, akafuta machozi, kisha akasogea karibu.

"Mwanangu, mie sikutaka uyasikie nje. Mama yako keshakubali."

"Kakubali nini?"

"Kwa baba yako mdogo. Wanangoja siku ziishe tu, na sijui kama hata wanangoja. Chakula kinatoka jikoni kwa mama yako kila mchana, kinakwenda kwake na kawa juu. Tena anakuja mpaka penye pazia la chumba chake, wanazungumza. Kaka yangu hajaoza!"

Darasani tulikuwa tumecheka sana kuhusu ile sumu ya sikioni. Ati mtu atakufaje kwa sikio? Mimi nilikaa kwenye kiti cha shangazi nikainywa ile chai yote na kila neno alilonipa, na wala sikuuliza swali moja. Nani aliyaona hayo? Nani mwingine kayasikia? Wewe unapata nini? Nilikuwa mwanafunzi bora wa fasihi, nimesifiwa kwa hoja, na sikuuliza.

Nyumbani nilikuta wanawake sita au saba chumbani kwa mama, wanasuka ukili na kumliwaza kama ilivyo ada. Mama alikuwa kitandani, kajifunika kaniki, kakonda, macho yamekuwa makubwa. Aliponiona alifungua mikono. Mimi nilibaki mlangoni na viatu vyangu.

"Mama," nilisema, na sauti niliyotumia ndiyo ile ya kusoma insha, "eda hujamaliza na unaposwa na shemeji yako? Baba hata udongo wake haujakauka!"

Mwanamke mmoja aliacha kusuka, ukili ukamning'inia mkononi. Mama aliishusha mikono yake polepole akaiweka mapajani.

"Ingia ule," alisema.

"Sili chakula cha nyumba hii."

Nikatoka. Nilijiona nimesimama upande wa haki. Nilijiona nina ujasiri ambao hata yule kijana wa Kiingereza hakuwa nao, maana yeye kazi yake ilikuwa kuzungumza peke yake pembeni. Mimi nilisema mbele ya watu.

Wanawake walipoondoka mama aliniita. Nilikwenda nikasimama, sikukaa.

"Nani kakwambia?"

"Shangazi."

"Mie mbona hukuniuliza?"

"Ungenambia kweli?"

Nilikuwa nangoja akane, nimeshamwandalia majibu, nimeyapanga kama aya za insha. Hakukana. Alisema tu kwamba amechoka, nimfungie dirisha. Nikalifunga kwa kishindo.

Ukweli niliusikia baadaye, kwa jirani aliyekuwamo chumbani, na sasa nitauandika wote, maana nimeubeba vya kutosha. Baba mdogo alikuwa kamtaka mama mara tatu. Mara tatu mama alimkataa, kupitia pazia, mbele ya yule jirani aliyemwomba akae naye makusudi awe shahidi. Chakula kilichokuwa kinatoka na kawa kilikuwa cha cherehani: baba mdogo alikuwa kaichukua cherehani ya baba kutoka barazani, na mama alikuwa anambembeleza kwa sahani za wali airudishe, ili shemeji mwingine wa ukoo aitumie kushona, nami nisikose nauli ya shule. Sheria ya dini inajulikana na kila mtu pale kwetu. Mtoto wa pekee wa kike ana nusu, mjane ana thumni, yaani moja ya nane, kinachobaki ni cha kaka na dada wa marehemu. Baba mdogo angemwoa mama, nyumba yote ingekuwa mkononi mwake. Mama akikataa, ilibidi mama atoke. Na kumtoa mjane ndani ya eda kunahitaji sababu.

Mimi ndiye niliyemletea sababu hiyo, na vumbi la safari miguuni.

Kikao cha ukoo kilikaa siku ya tatu, ukumbini kwetu, baada ya sala ya alasiri. Wazee wanne kwenye viti, shangazi chini kwenye mkeka, baba mdogo kasimama katika koti la kijivu. Mama alikuwa chumbani nyuma ya pazia, anasikia. Mimi niliitwa nikaambiwa nikae karibu na mlango.

Baba mdogo alizungumza vizuri. Sikatai, ana ulimi. Alimsifu marehemu, akasema yeye binafsi hana neno, ila maneno yameenea mji mzima kwamba mjane wa kaka yake hakuiheshimu eda, na jina la ukoo linachafuka. Mzee mmoja akauliza, maneno ya nani? Baba mdogo akasema si ya jirani wala ya adui. Ya mtoto wake wa kumzaa.

Akanigeukia. "Mwanangu, usiogope. Siku ile, mbele ya wanawake, ulimwambia mama yako kwamba anaposwa ndani ya eda. Ulisema au hukusema?"

Sasa nilielewa. Nasema nilielewa, na hapo ndipo hasira yangu yote inapolala mpaka leo. Nilimwona akiulizia kitu ambacho yeye ndiye anayejua jibu lake kuliko wote, maana kama mama alikuwa anaposwa, mposaji ni nani? Alikuwa kasimama pale! Ningeweza kuuliza hivyo. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini kukiri kwamba nilisema jambo nisilolijua, mbele ya wazee, mbele ya shangazi, mimi mwenye alama za juu? Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyesoma sehemu ya kwanza tu.

"Nilisema," nikajibu.

Nyuma ya pazia kitanda kilitoa sauti, mtu anainuka.

Wazee walinong'onezana. Mmoja alisema taratibu kwamba hata kama ni kweli haki yake ya urithi haipotei, akakubaliwa, na kisha wote wakaendelea kama hakusema. Iliamuliwa mama aende kwao Likawage akamalizie siku zake huko. Kwa muda, walisema. Mpaka maneno yatulie.

Nataka msomaji aone jambo hili kama ninavyoliona mimi kila siku ninapopita mbele ya darasa. Mjane hatoki nyumba ya mumewe mpaka siku zake ziishe. Hilo ndilo lililo wazi kuliko yote. Walimshitaki kwa kuvunja eda, na hukumu yao ikawa kumvunjia eda. Zilikuwa zimebaki siku arobaini na tatu. Wazee wanne wenye ndevu nyeupe, na mmoja wao alikuwa anafundisha watoto Kurani, na hakuna aliyefungua kinywa. Mama alitoka mchana, jua linawaka, kajifunika kaniki mwili mzima, na kapu la nguo. Alipita katikati yao. Alipofika niliposimama alisema, "Rudi shule. Yeyote akikwambia usirudi, rudi."

Nilirudi shule. Nauli alikuwa kaiacha kwa yule jirani, kaifunga kwenye ncha ya leso.

Muhula uliofuata mwalimu alileta sehemu zilizobaki, na nilizisoma zote kwa usiku mmoja. Sina haja ya kusema zinaishaje. Msichana wa Nyangamara aliniuliza nimeonaje mwisho wake. Nilimwambia sikumbuki. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemweleza yaliyotokea kwetu, na hakusema "nilikwambia," ingawa alikuwa kaniambia. Nilimchukia kidogo hata kwa hilo.

Mama hakurudi Masoko. Amejenga Likawage, kwa ndugu zake, analima ufuta na mbaazi, anaongea Kimatumbi kutwa kama hajawahi kuishi pwani. Nilimwomba radhi mara ya kwanza nilipofunga shule. Alikuwa anapepeta. Alisema, "Nimesamehe," bila kuacha kupepeta, na tukaendelea na mambo mengine. Ningependa angenipiga. Mimi nilisoma chuo, nikawa mwalimu, nikapangiwa kazi Lindi, na somo langu ni lile lile. Kila mwaka nafundisha sehemu ile ya kwanza, na kila mwaka wasichana wanalipuka kuhusu eda. Huwaacha walipuke. Mmoja akisema malkia ana hatia, namuuliza kajuaje, na namng'ang'ania mpaka anakaribia kulia. Wanasema mimi ni mkali. Wanasema kweli.

Nyumba ile sikuiacha. Nilipopata mshahara nilikwenda mahakama ya mwanzo, nikakaa miaka mitatu naenda na kurudi, nikapata karatasi inayotaja nusu yangu na thumni ya mama. Baba mdogo alikuwa amehamia humo na mke wake wa Kivinje, na karatasi ile hakuijali hata chembe. Alinicheka mlangoni, ndani ya shati la baba. Nilikuwa najiandaa kurudi tena na askari. Kisha, mwaka jana, akafa.

Nitasema kweli: sikusikitika. Nilikaa ofisini na simu mkononi, nikahisi kitu kama njaa.

Miezi miwili na kitu baadaye shangazi alinipigia. Kazeeka, sauti imekuwa nyembamba, lakini ni yule yule. "Mwanangu, njoo uchukue nyumba yako. Huyu mwanamke wa Kivinje eda haimwingii. Simu inalia humo chumbani kutwa, na inayosikika ni sauti ya mwanamume. Mie naogopa jina la ukoo."

Sikuliamini hata neno moja. Niliondoka siku ile ile, karatasi ya mahakama kwenye mkoba, na sikwenda kwa sababu nililiamini. Nilikwenda kwa sababu lilinifaa.

Nilimkuta mke wa baba mdogo katika chumba kile kile, kwenye kitanda tofauti, kajifunika kaniki. Ni mwanamke mdogo wa umbo, kanizidi miaka michache tu. Aliponiona alijua mimi ni nani. Alianza kukusanya vitu vyake, sahani, kanga, msahafu, bila hata kuuliza. Shangazi alisimama nyuma yangu mlangoni, anapumua. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Lindi. Yalikuwa mazuri, makali, yenye mpangilio, na yote yalikuwa kweli kuhusu mumewe.

Nilitoka uani nikampigia mama. Nilitaka asikie. Nilitaka awepo kwenye simu nikiyasema, ajue kwamba nimelipa.

"Mama, niko Masoko. Niko nyumbani kwetu. Mke wake ndiye huyu hapa, anafunga mizigo."

Nilisikia kuku wa Likawage.

"Kamaliza siku zake?" mama aliuliza.

"Nani?"

"Huyo mwenzangu. Kamaliza?"

"Bado."

"Zimebaki ngapi?"

Sikujua. Ilinibidi nirudi ndani nikamuulize. Yule mwanamke alisimama na sahani mkononi, akajibu mara moja bila kufikiri, kama mtu anayezihesabu kila asubuhi. "Sitini na moja."

Nikamwambia mama. Akasema, "Basi mwambie akae kitandani. Na wewe kaa hapo mlangoni mpaka ziishe, asije mtu akamtoa. Shule si mmeshafunga?"

"Mama, hawa watu walikufanya nini?"

"Nakumbuka walichonifanya. Na ulichonifanya wewe nakumbuka," alisema, na akakata simu.

Nilikaa. Likizo ilikuwa ya wiki nne, nikakaa wiki nne, kisha nikawa naja kila Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili, mpaka siku ya sitini na moja. Shangazi alikuja mara mbili na wazee, nikawasomea karatasi ya mahakama nikiwa nimekaa kizingitini, na walipotaka kupita sikuinuka. Sikuzungumza na yule mwanamke zaidi ya salamu, wala hatukupendana. Nilikuwa nampikia, namwekea sahani karibu na pazia, nageuka naondoka, na kila sahani niliyoiweka niliiweka kwa hasira.